Wewe Mhafidhina, Unahifadhi Nini?

Wasee, kuna neno limeingia kwenye wasifu wa akaunti zetu na hakuna mtu ameliuliza kitambulisho. Utapata kijana wa miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa Nyamarambe, ameandika chini ya jina lake: Mkristo, mwana wa Mugirango, "conservative". Kando ameweka bendera ya Kenya. Sasa shuka chini usome posti zake. Vita anavyopigana ni vya Marekani: haki ya kununua bunduki, ukuta wa mpaka wa Mexico, majaji wa Washington. Bunduki gani, bana? Huku Mugirango Kusini ndugu wa tumbo moja wanapelekana kwa chifu juu ya futi mbili za shamba, na yeye anatetea mpaka wa Texas.

Simchekelei. Neno lenyewe ni zito na lina historia, na sehemu ya hiyo historia imepitia hapa kwetu Kisii. Shida ni kwamba tumelichukua na historia ya wenyewe tukaacha yetu. Nikiangalia yetu, naona kitu cha ajabu. Mara nyingi wale waliosimama jukwaani wakisema wanalinda nchi, mila na utulivu ndio waliobomoa zaidi. Na wale walioitwa wakorofi na wachochezi walikuwa wakidai kitu cha zamani kirudishwe. Acha nieleze polepole. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo haya sikuyapata kwa mhadhara. Nimeyasoma kwa vitabu vya maktaba na kwa simu usiku bando zikiwa bei rahisi.

Tuanze na neno. Kwa Kiswahili mtu huyu anaitwa mhafidhina, na ndani ya hilo neno kuna hifadhi. Ni mzizi ule ule wa hafidhi, yule aliyehifadhi Kurani nzima kichwani. Hafidhi si mtu anayepiga kelele kwamba anaipenda Kurani. Ni mtu ambaye ukimwamsha saa tisa usiku ukamtajia aya, anaendelea nayo bila kuongeza herufi. Hicho ni kipimo kikali. Kuhifadhi ni kujua kwa ukamilifu kile unachodai kukitunza.

Kule Ulaya, babu wa siasa hii anatajwa kuwa Edmund Burke, mbunge mzaliwa wa Ireland aliyekaa Bunge la Uingereza. Mwaka 1790 aliandika kitabu cha kuyapinga mapinduzi ya Ufaransa. Hoja yake kwa ufupi: jamii ni urithi. Wewe hukuijenga, umeikuta, na kuna watu hawajazaliwa wataihitaji. Kwa hivyo usiivunje kwa sababu tu umesoma kijitabu fulani kikakusisimua. Lakini Burke huyo huyo alikubali kwamba nchi isiyoweza kujirekebisha haiwezi kujitunza pia. Enyewe hiyo sisi tunaielewa bila Burke. Nenda Tabaka, hapo karibu tu, uangalie wachongaji wa mawe ya Kisii. Ujuzi umepita kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Maumbo yamebadilika kufuata wateja, na ndio maana patasi bado inalia.

Kuna jambo lingine kuhusu Burke ambalo wahafidhina wa mtandaoni hawalitaji. Kwa miaka mingi alimwandama Warren Hastings, aliyekuwa gavana wa Waingereza kule India. Kesi yake mbele ya Bunge ilianza 1788 ikaisha 1795, na Hastings akaachiliwa. Burke alikuwa akilalamika kwamba Kampuni ya India Mashariki imekanyaga sheria, mali na desturi za watu waliokuwa na ustaarabu wao kabla Mwingereza hajafika. Yaani kama unaamini urithi ni kitu kitakatifu, basi lazima uamini urithi wa jirani yako nao ni mtakatifu. Ukilikubali hilo, ukoloni unakuwa kitu kisichowezekana kwa mhafidhina wa kweli.

Sasa tulete kipimo hicho nyumbani. Mwaka 1905 Waingereza walituma kikosi Gusii, na watu wengi wenye mikuki wakaangushwa kwa bunduki. Januari 1908 kijana anayeitwa Otenyo Nyamaterere, wa Kitutu, alimchoma mkuki afisa tawala Northcote. Northcote akapona. Simulizi za Abagusii zinasema aliyemtia Otenyo ari ni Moraa, mama aliyekuwa nabii na mganga. Kilichofuata ni adhabu: vijiji vilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakauawa kwa wingi. Idadi ilikuwa mbaya kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo akiwa naibu waziri wa makoloni, alituma simu ya maandishi kuuliza kama ni lazima kuendelea kuua watu wasio na kinga. Otenyo aliuawa, na mpaka leo jamii yake inadai mabaki yake.

Nikuulize: mwaka ule wa 1908, nani alikuwa mhafidhina? Kwenye faili za serikali, Moraa na Otenyo ni waasi, na Northcote ndiye aliyekuja kuleta utaratibu. Lakini mwenye utaratibu uliokuwepo ni Moraa. Northcote ndiye aliyekuja kupindua.

Miaka michache baadaye ikaja dini ya Mumbo. Ilianzia Alego mwaka 1913 kwa Onyango Dunde, aliyesema nyoka mkubwa wa ziwani amemmeza akamtapika akampa ujumbe: wazungu wataondoka, acheni nguo zao na dini yao. Gusii ikaipokea kwa moyo, ikaichanganya na kumbukumbu ya nabii Sakagwa. Serikali ikawahamisha viongozi wake, wengine hadi Lamu, na mwaka 1954 ikaipiga marufuku rasmi. Hawa ni watu waliotaka kurudi kwa yaliyokuwa ya babu zao. Ila hapa kuna fundisho kidogo. Mumbo mwenyewe hakuwa wa babu zetu. Alikuwa mgeni, tena kutoka kwa jirani Mjaluo. Hata mtu anayetaka kurudi nyuma kabisa hujikuta ameshika kitu kipya mkononi.

Wakati huo huo mambo ya zamani yalikuwa yanavunjwa bila kelele. Zile ebisarate, kambi za vijana wa kulinda ng'ombe, serikali ilizivunja. Badala yake ikatuletea chifu. Kabla ya hapo Abagusii hawakuwa na mtawala mmoja juu ya wote. Kulikuwa na koo, wazee wake, na watu wenye heshima kwa sababu ya busara, mifugo au ushujaa. Chifu wa kuteuliwa na serikali alitoka kwa sheria: ile ya wakuu wa vijiji ya 1902, ya mamlaka ya wenyeji ya 1912, na ya mamlaka ya machifu ya 1937. Hiyo ya 1937 tuliendelea nayo baada ya uhuru, na meno yake mengi yaling'olewa 1997 tu, wakati wa mapatano ya vyama kabla ya uchaguzi.

Kwa hivyo ukisikia mtu kwa baraza hapa Nyamarambe akisema kumheshimu chifu ni mila yetu tangu zamani, mheshimu mzee, lakini ujue hiyo zamani ina tarehe. Ni changa kuliko reli. Simaanishi ofisi hiyo haina kazi. Maana yangu ni kwamba mtu anayejiita mlinzi wa mila anapaswa kujua kipi ni mila na kipi ni waraka wa gavana.

Sasa tutoke Kisii kidogo, juu hii tabia ilikuja kuwa ya nchi nzima. Mwaka 1938, akiwa London, Jomo Kenyatta alichapisha kitabu kuhusu mila za Wakikuyu, Facing Mount Kenya. Ukikisoma leo utaona ni kitabu cha mhafidhina hasa: anatetea ardhi ya ukoo, rika, jando, hata tohara ya wasichana, ambayo wamisheni walikuwa wameipiga vita tangu 1929. Chini ya ukoloni, kutetea ya kwenu ndiyo ilikuwa siasa kali kuliko zote.

Halafu tukapata uhuru. Katiba ya 1963 ilikuwa na serikali za majimbo, Seneti, na ruhusa ya vyama vingi. Ikiwa wewe ni mhafidhina, hicho ndicho kitu cha kuhifadhi: mapatano ambayo pande zote ziliyatia sahihi. Serikali ya KANU ilifanya nini? Mwaka uliofuata majimbo yalianza kuvunjwa. 1966 Bunge likapitisha kuondolewa kwa Seneti. Mwaka huo huo, Jaramogi Oginga Odinga alipotoka KANU akaanzisha KPU, serikali ikajipa tena uwezo wa kumfunga mtu bila kumfikisha kortini, uwezo ule ule wakoloni walioutumia. Sheria hiyo inaitwaje? Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma. Soma jina hilo tena polepole. Neno letu la hifadhi ndilo lililobandikwa kwenye mlango wa jela. KPU ikapigwa marufuku 1969.

Moi akachukua usukani 1978 na kutangaza Nyayo. Hakuna kauli ya kihafidhina kuliko hiyo: nitafuata nyayo za aliyenitangulia. Na miaka yake, wimbo ulikuwa ni kuheshimu wazee, kumcha Mungu, kutosumbua amani. Mimi nilizaliwa Moi tayari amestaafu, lakini bado nasikia wazee wakisema enzi za Nyayo kulikuwa na heshima. Sawa. Tuangalie orodha. Juni 1982 katiba ikabadilishwa kwa kuingizwa Kifungu 2A, nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wakaondolewa kinga ya kazi zao. 1988 majaji nao wakaondolewa. Mwaka huo huo kura za mchujo za KANU zikapigwa kwa mlolongo, watu wakisimama nyuma ya mgombea mchana kweupe. Hiyo si kuhifadhi. Ni kama mtu aliyepewa nyumba ya urithi akang'oa mabati, akauza milango, halafu anasimama uani akikukemea kwamba hujavua kofia.

Hapo ndipo mtu wa kwetu anaingia. George Anyona alichaguliwa mbunge wa Kitutu Mashariki mwaka 1974. Alikuwa maarufu kwa kushikilia kanuni za Bunge mpaka mawaziri wanachoka. Mei 1977, baada ya kuuliza maswali kuhusu tenda ya mabehewa ya reli, alikamatwa hapo hapo kwenye eneo la Bunge akawekwa kizuizini chini ya ile sheria yenye neno hifadhi. Moi alimwachilia Desemba 1978 pamoja na wafungwa wengine wa kisiasa, akina Ngugi wa Thiong'o na Martin Shikuku. Mwaka 1982 yeye na Odinga walitaka kuanzisha chama cha pili, jambo ambalo wakati huo katiba ilikuwa bado inaliruhusu. Kifungu 2A kikaja mbio, Anyona akarudishwa ndani. 1990 akakamatwa tena na wenzake watatu, 1991 akahukumiwa miaka saba kwa uchochezi. Desemba 1991 Kifungu 2A kikafutwa, mwaka uliofuata Anyona akatoka, na kabla mwaka kwisha alikuwa mbunge tena kwa chama chake cha Kenya Social Congress. Alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2003.

Magazeti yalimwita mkali, msumbufu, mfuasi wa usoshalisti. Na ndiyo, kwa uchumi alikuwa wa mrengo wa kushoto. Lakini angalia kile alichokuwa akidai. Kanuni za Bunge zifuatwe, maana ziko. Mtu asifungwe bila kesi. Vyama viruhusiwe kama 1963. Yote hayo yalikuwa ni urithi. Kwa kipimo cha hafidhi, yule mtu aliyeitwa mwanamapinduzi ndiye aliyejua aya na kuisoma bila kuongeza herufi.

Na usidhani Gusii yote ilikuwa upande wake. Tulikuwa pia na Simeon Nyachae, mwana wa Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari, mkuu wa mkoa kwa miaka mingi, baadaye mkuu wa utumishi wa umma, na waziri. Kama kuna mtu tungemwita nguzo ya utawala wa zamani, ni yeye. Alipenda utaratibu, faili safi, kazi kwa saa. Ila hata yeye, Februari 1999 alipoondolewa Wizara ya Fedha akapelekwa wizara ya viwanda, alijiuzulu, na 2002 akagombea urais kwa Ford-People dhidi ya chama alichokitumikia. Gusii ikampigia kura kwa wingi, kitaifa akawa wa tatu. Ninavyomsoma, mtu anayeheshimu taasisi kweli kweli hufika mahali anashindwa kuishi na bosi asiyeziheshimu.

Mfano wa mwisho ni wa juzi, wengine wetu tulikuwa shule ya msingi. Kura ya maamuzi ya katiba, 4 Agosti 2010. Kampeni ya La, rangi nyekundu, ilijaa viongozi wa makanisa na wanasiasa waliosema wanalinda maadili. Moja ya hoja zao kubwa ilikuwa mahakama za kadhi zitolewe kwenye katiba. Sasa sikiza. Mahakama za kadhi zilikuwepo Pwani kabla hakujawa na nchi inayoitwa Kenya. Mwingereza alipochukua usimamizi wa ukanda wa Pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1895, aliahidi kuziacha. Oktoba 1963 serikali ya Kenyatta iliahidi tena kwa maandishi, na katiba ya uhuru ikaziweka ndani. Kwa hivyo watu waliojiita walinzi wa mila walikuwa wakipigana na mojawapo ya taasisi kongwe zaidi nchini. Ilikuwa mila, ila haikuwa yao. Kura ya Ndiyo ilishinda kwa zaidi ya thuluthi mbili.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika maoni: kwa hivyo unataka tutupe kila kitu? Hapana. Mimi mwenyewe kuna vitu nataka vibaki. Chinsoni, ule utaratibu wa Abagusii wa heshima na mipaka kati ya vizazi, ulinilea. Nataka mzee aendelee kusalimiwa kwanza. Nataka Ekegusii kiendelee kusemwa sokoni Nyamarambe na watoto wasichekwe kwa sababu hiyo. Hiyo ni hifadhi na sioni aibu.

Lakini kuhifadhi kuna mtihani mgumu, na kwetu mtihani huo una jina. Kisii na Nyamira zimekuwa kwa miaka mingi kati ya kaunti zenye viwango vya juu vya ukeketaji. Sheria ya kuupiga marufuku ni ya 2011. Ukiuliza kwa nini unaendelea, jibu ni mila. Ila watafiti wameandika mara nyingi jinsi kazi hiyo ilivyohama kutoka kwa ngariba hadi kwa wauguzi, kwa dawa ya ganzi, kwa siri, wasichana wakiwa wadogo kuliko zamani. Sherehe imekwenda, mafunzo yamekwenda, nyimbo zimekwenda. Kilichobaki ni wembe. Mtu anayekitetea hicho hatetei urithi, maana urithi wenyewe ulishatoka chumbani. Na hata ungekuwa mzima, anayelipa ni msichana, na yeye hakuulizwa.

Kwa hivyo ukitaka kujiita mhafidhina, mimi sikuzuii. Jiulize tu maswali matatu. Kile unachotunza kina umri gani, na nani alikileta? Nani analipa gharama ya kukitunza? Na je, utakitunza siku kitakapokuzuia wewe, au mtu wa chama chako? Swali la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Wengi wanaojiita walinzi wa utaratibu huwa wanalinda mtu. Akihama, nao wanahama.

Tumeona pia upande wa pili. Machi 2022 Mahakama ya Juu iliuzima mpango wa BBI, ikasema rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya katiba kupitia njia waliyowekewa wananchi. Juni 2024 vijana walijaa barabarani, Kisii mjini wakiwemo, na wengi walikuwa wanakitaja Kipengele 37 kama wimbo wa ibada. Waliitwa wahuni. Baadaye mwaka huo ukaletwa mswada Seneti wa kuongeza muhula wa rais kutoka miaka 5 hadi 7, wananchi wakaukataa na kamati ya Seneti nayo ikaukataa. Sasa niambie, kati ya aliyeshika nakala ya katiba barabarani na aliyeandika ule mswada ofisini, nani mhafidhina?

Kipengele cha 3 cha katiba kinasema kila mtu ana wajibu wa kuiheshimu, kuizingatia na kuilinda. Kila mtu. Haijasema rais peke yake, wala mwenye digrii. 2027 iko karibu, na magari yenye spika yatapanda mpaka Nyamarambe. Atakuja mtu na Biblia mkono mmoja, atasema maadili yetu yako hatarini, atasema yeye ni mlinzi wa mila. Mpigieni makofi mkitaka. Kisha mtu mmoja ainue mkono amuulize alipiga kura gani Bungeni siku sheria ilipokuwa inavunjwa. Majina yameandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge, na hizo ziko wazi kwa kila mtu mwenye simu.